Umepata ngapi, umebakiwa na ngapi? Maneno ya kilimo yanayotuumiza Tabora

Masoko ya tumbaku yakifunguliwa Urambo, Kaliua au Sikonge, kila mtu anauliza: umepata ngapi? Ni wachache wanaouliza umebakiwa na ngapi. Hapo ndipo wakulima wengi tunaumia, na si kwa uvivu. Tunachanganya mambo ambayo mnunuzi anayajua vizuri kuliko sisi.

Dhana: Hela inayobaki baada ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kukata mkopo wa pembejeo ndiyo faida.

Hapana. Hayo ni mapato yaliyotolewa deni moja tu. Tuseme tumbaku yako imelipa shilingi 4,000,000, mkopo ukakatwa 1,600,000. Mkononi una 2,400,000. Toa vibarua wa matuta, toa kuni za bani (banda la kukaushia tumbaku), toa kodi ya shamba kama umekodi. Kisha toa kile kisichoandikwa popote: kazi ya watu wa nyumbani. Nani alimwagilia kitalu asubuhi na jioni? Nani alifunga majani kwenye fito? Nani alikesha bani akichochea moto na kuangalia joto, siku baada ya siku, jani lisiungue? Kama ungemlipa kibarua kwa kazi hiyo, basi ni gharama, hata aliyeifanya akiwa mkeo. Inaniuma kumwona mama aliyehangaika na tumbaku msimu mzima akiambiwa hela si yake kwa sababu jina lililoandikishwa kwenye chama ni la mume.

Daftari lianze siku ya kusia mbegu, na liwekwe mahali ambapo wote wawili wanaliona. Hesabu ikifanywa hivyo, kuna wengine watakaokuta ekari ya karanga iliwaacha pazuri zaidi.

Dhana: Mbolea ni mbolea, ya tumbaku ikibaki inatosha mahindi.

Soma namba kwenye mfuko. NPK 10-18-24 inayotumika kwenye tumbaku ina naitrojeni asilimia 10, fosfeti 18 na potashi 24. Maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 5 tu za naitrojeni. Mfuko kama huo wa urea una kilo 23. Mahindi ni mlafi wa naitrojeni, ndiyo maana ukiyapa ya tumbaku peke yake yanabaki na rangi ya njano. Tumbaku nayo ikizidishiwa naitrojeni jani linachelewa kuiva na halikauki vizuri, kwa hiyo usigeuze mambo ukaipelekea urea ya mahindi.

Dhana: Mahindi chotara ni sumu ya maabara.

Chotara hupatikana kwa kuchavusha aina moja ya mahindi kwa nyingine, basi. Tatizo lake ni jingine: ukipanda tena punje ulizovuna, mavuno yanashuka. Bei ya mbegu mpya iingie kwenye daftari kila msimu.

Dhana: Gunia ni gunia.

Gunia na debe ni vipimo vya ujazo. Debe la mpunga ni jepesi kuliko debe la mahindi, na gunia la lumbesa lililoshonewa kichwa linabeba mzigo ambao hulipwi. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100. Dai mzani, uza kwa kilo. Anayekuambia mzani unachelewesha kazi anajua kwa nini anasema hivyo.

Dhana: Ghala likijaa, nyumba ina chakula.

Chakula kingi si lazima kiwe chakula salama. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo huharibu ini na kuweza kuleta saratani. Kupika hakuiondoi, na punje inaweza kuwa nayo bila kuonekana mbovu.

Kupima unyevu hakuhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai na si kwenye udongo mtupu. Isipoganda, fungasha.