"Kichwa hakiniumi, basi sina presha"

Shangazi yangu huuza omena Kibuye, hapa Kisumu. Ana sukari aina ya pili, na daftari lake la kliniki analitunza kama hati ya shamba. Juzi mashine ikasoma 168/94. Akamwambia muuguzi, "Sista, hiyo mashine imeharibika. Kichwa hakiniumi."

Watu husema presha lazima uisikie. Si kweli. Wengi hawasikii lolote mpaka siku mshipa wa ubongo unapoziba au kupasuka. Kinachojua ni kipimo, na kwa mwenye sukari madaktari wengi hutaka kiwe chini ya 130/80.

Wengine husema sukari ikitulia, presha nayo itatulia. Hapana. Hayo ni maradhi mawili yanayobomoa mishipa ileile, ya macho, ya figo na ya moyo, na kila moja hutibiwa kivyake. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 1998 ulifuatilia watu 1,148 wenye yote mawili. Kundi moja lilishushwa presha hadi wastani wa 144/82, jingine likabaki 154/87. Tofauti ndogo hivyo, lakini kiharusi kilipungua kwa asilimia 44.

Wengine husema dawa za presha zinaua figo. Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana ndiyo inayowafanya watu wetu wafiche vidonge kabatini. Figo huchuja damu kwa vimishipa vyembamba mno. Presha na sukari zikivichosha, protini huvuja kwenye mkojo. Enalapril na losartan, ambazo ni dawa za presha, hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio, na mgandamizo mle ndani ukapungua. Kwa hiyo mwenye sukari anayevuja protini hupewa mojawapo ili kulinda figo. Damu hupimwa tena baada ya wiki chache kuangalia figo na potasiamu. Enalapril ikikuletea kikohozi kikavu, usiitupe; rudi kliniki ubadilishiwe. Mjamzito asitumie yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo aseme mapema.

Na presha ikishuka, usiache dawa. Imeshushwa na hizo dawa.

Wengine hujitetea, "Mimi siongezi chumvi mezani." Na magadi kwenye mrenda je? Yana sodiamu, kama chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani isijaze kijiko cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye mkate na viungo vya pakiti.

Shangazi alinyamaza kidogo niliposema magadi. Jumamosi nilimkuta jikoni akipika managu na saga kwa maziwa, vidonge vyake viko juu ya meza, karibu na birika la chai.