Kinga ya VVU kwa wanaume wanaolala na wanaume: utafiti wa kijamii umetufundisha nini?

Utafiti wa kijamii unatofautianaje na ule wa maabara?

Maabara inataka kujua kama dawa inazuia kirusi. Mtafiti wa kijamii anataka kujua nani ataimeza dawa hiyo, ataificha wapi, nani akiiona kutazuka ugomvi, na kwa nini mwezi wa tatu mtu anaiacha. Hutumia dodoso, mahojiano ya faragha, vikundi vya majadiliano, na mara nyingi hukaa tu na watu pale wanapokutana na kuwasikiliza.

Tazama yaliyotokea mwaka 2010. Utafiti mkubwa ulioitwa iPrEx ulitoa matokeo ya kwanza ya dawa kinga, ile ambayo wengi wanaiita PrEP na humezwa na asiye na VVU ili asiambukizwe, kwa wanaume wanaolala na wanaume na kwa wanawake waliobadili jinsia. Washiriki walikuwa 2,499 katika nchi sita, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 44, na waliotarajia makubwa zaidi walivunjika moyo. Damu ilipopimwa, jibu likapatikana. Kati ya waliopewa dawa na wasiambukizwe, ni takriban nusu tu waliokutwa na dawa mwilini. Kati ya walioambukizwa, ni asilimia 9. Lakini walipoulizwa kwa mdomo, wengi walikuwa wamejibu kwamba wanameza bila kukosa. Vidonge havikuwa na kasoro. Kilichobaki kujulikana ni kwa nini mtu mzima apewe dawa bure, asiimeze, kisha aone haya kusema. Hapo darubini haisaidii, ni lazima ukae na mtu mpaka akuamini.

Kwa nini wanaume hawa wako katika hatari kubwa zaidi?

Sababu ya kwanza ni ya mwili: utando wa ndani wa njia ya haja kubwa ni mwembamba, unachubuka upesi, na kirusi kinapenya kwa urahisi kuliko kwa njia nyingine za kujamiiana. Sababu nyingine ni maisha ya kujificha. Sheria ya Kenya inatishia kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kuifuta tarehe 24 Mei 2019. Tanzania Bara adhabu inafika kifungo cha maisha. Mtu anayeogopa kutajwa hachelewi kufanya ngono. Anachelewa kupima.

Utafiti huu wa kijamii ulianzia wapi?

Ulianza sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, lakini mimi naanza na Sydney, Australia, kwa sababu kule watafiti walifanya kazi bega kwa bega na jamii yenyewe tangu mapema. Mwaka 1986 na 1987, Raewyn Connell, Susan Kippax na Gary Dowsett, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Macquarie, waliwahoji wanaume 535 kwa kushirikiana na chama cha mapambano dhidi ya UKIMWI cha jimbo la New South Wales. Walitaka kujua nani amebadili mwenendo wake na nini kilimsaidia.

Waligundua kwamba kujua habari za ugonjwa hakukutosha. Waliobadilika zaidi ni wale waliokuwa na wenzao: marafiki wa kuzungumza nao bila kuficha, baa wanayokutana, magazeti yao, chama chao. Aliyejitenga alikuwa amesoma vipeperushi vilevile, lakini hakuwa na mtu wa kumuuliza, "Wewe unafanyaje?" Mimi naona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotoka katika fani hii, na bado linapuuzwa. Ofisi nyingi za afya hudhani kazi imekwisha pale bango linapobandikwa ukutani.

Je, ni kweli watafiti waliwahi kusema wapenzi wanaweza kuacha kondomu?

Hawakusema hivyo. Walichofanya ni kutazama kwa makini yale ambayo watu walikuwa wakiyafanya tayari. Ujumbe wa kampeni miaka ile ulikuwa mmoja: kondomu kila mara, na kila mtu. Takwimu zikaonyesha kwamba wanaume wengi waliitumia na wapenzi wa kupita lakini hawakuitumia na mpenzi wa kudumu. Ilikuwa rahisi kuwaita wazembe. Kippax na wenzake wakauliza zaidi, na mwaka 1993 wakachapisha walichokiona: baadhi ya wapenzi walikuwa wamejitungia kinga yao wenyewe, kinga ya makubaliano.

Masharti yake si mepesi. Wote wawili wapime na wajue kwa hakika kwamba hawana VVU. Warudie kupima baada ya kipindi ambacho kipimo kinaweza kukosa kuona maambukizi mapya. Wakubaliane wazi kuhusu ngono ya nje: ama hakuna kabisa, ama ipo lakini kwa kondomu siku zote. La mwisho ndilo gumu kuliko yote: makubaliano yakivunjwa, aliyevunja aseme mara moja, na kondomu irudi mpaka vipimo vitoe jibu. Kampeni iliyotokana na hayo iliwaambia wapenzi wazungumze, wapime, wapime tena, ndipo waaminiane.

Yapo makubaliano mabovu ambayo kwa nje yanafanana na haya. Wawili hawajapima, wanakisia tu kwamba wako salama kwa kuwa wanapendana. Au mmoja anaweka masharti na mwingine ananyamaza kwa kuwa ndiye anayelishwa na kulipiwa kodi ya nyumba. Asiyeweza kusema hapana, hajakubali. Na hili haliwahusu wanaume peke yao, kila mke na mume walioacha kondomu wajiulize kama waliwahi kupima wote wawili.

Mpenzi wangu anaishi na VVU na anatumia ARV. Ataniambukiza?

Kama anameza dawa ipasavyo na kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha virusi vyake vimefubazwa kiasi cha kutoonekana, hatakuambukiza kwa ngono. Utafiti wa PARTNER uliofanyika katika nchi 14 za Ulaya ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume, mmoja akiwa na VVU anayetumia dawa na mwingine hana. Walifanya ngono bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Maambukizi kutoka kwa mpenzi hadi mpenzi yalikuwa sifuri. Wapo 15 walioambukizwa katika kipindi hicho, lakini uchunguzi wa vinasaba vya kirusi ulionyesha kwamba walivipata kwingine. Kondomu bado ina kazi yake dhidi ya kaswende, kisonono na mengineyo.

Kule Sydney dawa kinga ilifanya kazi?

Ilifanya, na kwa kasi. Machi 2016 jimbo la New South Wales lilianza kuigawa kwa wingi. Baada ya kuwaandikisha wanaume 3,700, maambukizi mapya yaliyogunduliwa kati ya wanaume wanaolala na wanaume yalishuka kutoka 295 hadi 221 ukilinganisha mwaka mmoja kabla na mmoja baada, yaani robo nzima. Mwaka 2018 serikali ikaanza kuchangia gharama yake nchi nzima.

Lakini tazama nani aliachwa nyuma. Upungufu ulikuwa mdogo kwa vijana, kwa waliozaliwa nje ya Australia, na kwa wanaoishi katika vitongoji ambako wanaume mashoga ni wachache. Yaani waliokosa mtandao wa wenzao, walewale wa mwaka 1987. Madodoso yanayorudiwa kila mwaka mjini Sydney na Melbourne yalionyesha jambo jingine pia: kati ya wanaume wenye wapenzi wa kupita, wanaotumia kondomu kila mara walipungua kutoka asilimia 46 mwaka 2013 hadi 31 mwaka 2017, wakati wanaotumia dawa kinga walipanda kutoka 2 hadi 24. Baadhi ya walioacha kondomu hawakuwa kwenye dawa. Kliniki isingeliona hilo, maana hao hawaji kliniki.

Na huku pwani ya Kenya, utafiti umefanyika?

Umefanyika, tena wa maana sana. Kwa muda mrefu viongozi wa Afrika Mashariki walishikilia kwamba wanaume wa namna hii hawapo kwetu. Mwaka 2006 watafiti walifanya hesabu Mombasa, wakakadiria kwamba wanaume 739 mjini na maeneo ya jirani wanauza ngono kwa wanaume wenzao, na wateja wengi ni wenyeji wa hapahapa. Karibu na wakati huo, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilipima VVU wanaume wa Mombasa. Kati ya waliolala na wanaume peke yao, asilimia 43 walikuwa na maambukizi. Kati ya waliolala na wanaume na wanawake, asilimia 12.3.

Kinachoniuma zaidi ni takwimu nyingine. Wanaume wanaouza ngono Mombasa walipoulizwa, asilimia 35 hawakujua kwamba VVU huambukizwa kwa njia ya haja kubwa. Usiwalaumu. Kila bango na kila kipindi cha redio walichokulia nacho kilionyesha mume na mke, au kijana na msichana. Ujumbe ulikuwa sahihi kwa hao, lakini huyu akausoma hivi: hatari iko kwa wanawake, mimi niko salama. Kunyamaza kwetu kulimfundisha uongo.

Kisha ikaja Februari 2010. Mtwapa, mji ulio kaskazini mwa Mombasa, umati ulivamia kituo cha KEMRI kwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Watu walipigwa na huduma zikasimama. Baadaye watafiti walikaa na viongozi wa dini na wazee wa mtaa, na wakawafundisha wahudumu wa afya 74 wa pwani jinsi ya kumhudumia mwanamume huyu bila kumsuta. Chuki ya wahudumu ilipungua na ujuzi wao ukaongezeka. Muuguzi anayeuliza "Mwenzako ni mwanamke au mwanamume?" kwa sauti ileile anayoulizia umri, amefanya kazi ambayo bango halitaiweza.

Mimi nina mke. Haya yananihusu?

Yanakuhusu wewe na yeye. Wanaume wengi wa huku wana mke au mchumba na hawajiiti jina lolote, kwa hiyo tangazo linalowaita mashoga halisemi nao. Si lazima umweleze mhudumu maisha yako yote. Mwambie umelala na mwanamume na unataka kupima na kuelezwa kuhusu dawa kinga. Kenya ilianza kuzitoa mwaka 2017. Na tafadhali, tumia kilainishi cha maji. Mafuta ya kujipaka yanadhoofisha mpira wa kondomu mpaka unapasuka.

Nimeombwa kushiriki katika utafiti. Niulize nini?

Uliza kama umeidhinishwa na kamati ya maadili, jina lako litaandikwa wapi, na nani ataweza kulisoma. Uliza kama unaweza kujitoa katikati bila kunyimwa matibabu. Jibu sahihi ni ndiyo. Uliza pia watafiti watawaletea nini ninyi washiriki matokeo yakitoka. Mtafiti akikuharakisha kutia sahihi, ondoka.

Jana usiku nililala na mtu bila kinga. Nimechelewa?

Hujachelewa. Zipo dawa za dharura, PEP, zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo usingoje Jumatatu. Nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, sema umekuwa katika hatari ya VVU na unaomba PEP. Utapimwa kwanza, kisha utaanza dozi. Ukimaliza, rudi upime tena kwa tarehe utakayopewa, na siku hiyo uliza kuhusu kuingia moja kwa moja kwenye dawa kinga.