Jiko la watu mia: yanayosemwa Mbeya na yaliyomo sufuriani

Kwa miaka kadhaa sasa nasonga ugali katika jiko la kujitolea hapa Mbeya, si mbali na Mwanjelwa. Ni banda la mabati lenye sufuria tatu kubwa, mapipa ya maji na daftari moja. Tunapika siku tatu kwa wiki, na siku ya kawaida wanakula watu kama 120. Kila anayepita akaona moshi na foleni ya mabakuli ana neno la kusema. Mengine ni porojo za daladala, nayaacha yapite. Ila yapo ambayo mtu akiyafuata anaweza kulaza familia nzima hospitali, na hayo sitayanyamazia.

"Huku ni ghala la taifa, njaa itoke wapi?"

Linasemwa kwa fahari, na nusu yake ni kweli. Mahindi ya Mbozi, mchele wa Kyela na Mbarali, viazi vya Njombe na Uporoto, ndizi za Tukuyu: malori yanapakia mchana na kushuka Dar es Salaam usiku. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30 kwa nchi nzima, na Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa walikuwa kwenye 50. Mikoa inayolisha wenzake ndiyo inayoongoza kwa udumavu.

Mtoto anaweza kulala ameshiba ugali kila siku na bado akadumaa. Sahani ni nyeupe tupu, haina maharage, dagaa wala yai, na mama ameondoka kwenda shamba alfajiri, kwa hiyo mtoto anakula mara mbili badala ya nne au tano. Kisha kuna hesabu ya mwaka. Mkulima anavuna kuanzia Mei, anauza Juni na Julai bei ikiwa chini kwa sababu ada na deni la mbolea havisubiri, halafu Januari anarudi sokoni kununua mahindi yale yale kwa bei nyingine. Ndiyo maana foleni yetu hurefuka kati ya Januari na Machi, mvua ikinyesha na mashamba yakiwa ya kijani kila unakogeuka. Mgeni akiona kijani hicho hudhani tunamdanganya.

"Wanaokuja ni walevi na wavivu"

Walevi wapo, wawili watatu, na wanakula kama wengine. Ukifungua daftari utakuta wabeba mizigo ambao siku hiyo hawakupata lori la kushusha, wagonjwa waliotoka vijijini kufuata kliniki pamoja na ndugu wanaowauguza, na bibi wengi mno wanaolea wajukuu. Katika nyumba za hao bibi kizazi cha kati kimeondoka. Wengine wako Tunduma au Dar es Salaam wakitafuta maisha, wengine wamezikwa. Tusisahau kwamba utafiti wa VVU wa 2022/2023 uliitaja Njombe, Iringa na Mbeya kuwa juu ya mikoa mingine yote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo nina wanne."

Ana wajukuu wanne na bakuli moja. Nikishajaza anasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, anafunika na kanga, anaondoka bila kuonja. Uvivu uko wapi hapo?

"Kupikia wengi ni kama kupika nyumbani, unazidisha tu vipimo"

Kila mgeni jikoni huanguka hapa, na mimi nilianguka. Unga unazidishika, kweli: kwa watu 120 tunatumia sembe kilo 25 hadi 30. Moto hauzidishiki. Ugali wa watu 60 katika sufuria moja unahitaji mwiko mrefu kama mpini wa jembe na mtu wa kuubadilisha na mwenzake kila baada ya dakika chache, la sivyo chini unaungua na katikati unabaki na unga mbichi.

Na maharage ndiyo mtihani wenyewe. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Hapa yanachemka kwenye nyuzi 94, si 100. Kwa chai hutaona tofauti. Kwa maharage makavu utaiona: aliyezoea kupika Pwani anayabandika saa nne akitarajia kupakua saa sita, na saa nane bado anayabinya kwa vidole huku foleni imefika barabarani. Kuchochea kuni hakusaidii kitu, maana maji yakishatokota hayapandi joto tena, yanakauka tu. Kinachosaidia ni kuyaloweka usiku kucha, kuweka mfuniko, na kukataa maharage yaliyokaa ghalani misimu miwili, kwa sababu hayo hata ukiyapikia mpaka magharibi hayalainiki. Magadi yanalainisha haraka, najua, ila yanaua vitamini B1, na wanaokula kwetu hawana B1 ya kupoteza.

Kuna sababu nyingine ya kutopakua maharage yenye kiini kigumu. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo hauiondoi. Yamwagwe maji ya kulowekea, yatiwe mengine, yatokote kwa nguvu dakika zisizopungua 10, ndipo upunguze moto uyaache yaive taratibu.

"Baridi ya Mbeya ni friji tosha"

Hii ilitupata wenyewe, mwaka wetu wa kwanza, mwezi wa Julai. Wali ulibaki nusu sufuria. Usiku baridi ilikuwa ya kuvaa makoti mawili, tukaufunika tukaenda kulala. Asubuhi tukaupasha mpaka ukafuka moshi, tukala kiporo wapishi wanne kati ya watano. Kabla ya saa sita wote wanne tulikuwa tumetapika. Wa tano hapendi kiporo, na hadi leo anatukumbusha.

Sufuria kubwa ya wali ni kama blanketi. Nje inagandisha vidole, ndani katikati kuna uvuguvugu kwa saa nyingi, na bakteria huzaliana vizuri kabisa kati ya nyuzi 5 na 60. Wali una wake, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu mbegu hizo zinaamka, bakteria anaongezeka na kutoa sumu. Kupasha kunamuua bakteria, lakini ile sumu inabaki. Sasa tunapika tunachoweza kumaliza, na kilichopikwa hakikai zaidi ya saa mbili bila moto chini yake. Kikilazimika kubaki kinatandazwa kwenye masinia mapana kipoe upesi, kisha kinaingia kwenye friji ya kweli ya jirani.

"Msaada haukataliwi"

Unakataliwa, kwa heshima. Tumekataa mahindi yenye ukungu ambayo mwenyewe alisema "mkiyakoboa yatakuwa mazuri". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na walikuwa wanakula chakula kilichopikwa majumbani kama chetu. Tumekataa viazi vilivyokaa juani vikawa kijani, kwa kuwa ule ujani unakuja na sumu isiyoondoka kwa kupika. Na kila Novemba, watu wakimaliza kupanda, kuna anayetuletea mabaki ya mahindi ya mbegu, yale ya rangi ya pinki au kijani. Rangi ile imewekwa makusudi kutangaza dawa ya wadudu na ukungu. Kuosha hakuitoi. Mzee mmoja aliondoka amenuna, akirudia kwamba wao waliyala mwaka fulani na hawakufa. Huenda ni kweli, lakini sikuyapika.

Mifuko ya mbolea iliyofuliwa ni hadithi hiyo hiyo: tunaomba unga uhamishwe kabla haujafika kwetu.

"Watu wakizidi, ongeza maji kwenye uji"

Nyumba nyingi zimelea watoto hivyo na si kwa ubaya. Lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukilijaza maji yenye rangi ya uji atanyamaza kulia, na mwilini hakijaingia kitu. Ukimpa uji mzito hawezi kuumeza. Akina mama wanakwama hapo katikati, na dawa yake iko kwenye nyumba za pombe.

Wapika komoni wanaijua kimea: ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Nafaka ikiota hutengeneza kimeng'enya kinachokatakata wanga. Pika uji mzito kama ugali laini, uache upoe kidogo mpaka ulimi uuvumilie, tia kijiko cha kimea ukoroge. Utalegea mbele ya macho yako, na unga wote bado umo ndani. Urudishe motoni uchemke tena, kwa sababu kimea kibichi hubeba vijidudu. Wataalamu wa lishe nchini waliufanyia kazi ujuzi huu tangu miaka ya 1980, na bado nakutana na mama aliyekaa hatua kumi kutoka kwenye mtungi wa komoni akiwa hajawahi kuusikia. Unga wa karanga au dagaa ukifuata, hapo ndipo uji unastahili jina la uji wa lishe. Lile jina lililoandikwa tu kwenye pakiti silitegemei sana.

Dhana ndugu ya hii ni ya hatari zaidi: kwamba mtoto aliyekonda sana ashindiliwe chakula mpaka anenepe. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauhimili mzigo mkubwa wa ghafla, hata moyo unaweza kushindwa. Kwetu kuna utepe wa kupima mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake haufiki sentimita 11.5, ukasoma nyekundu, au miguu imevimba ikibonyea kama unga uliokandwa, hatumpi sahani kubwa ya huruma. Tunampeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mmoja wetu anakwenda na mama, kwa sababu mama akienda peke yake mara nyingi anaishia njiani kwa kukosa nauli.

"Kuni ni bure"

Zilikuwa bure enzi za babu. Sasa tunanunua kwa mzigo, macho yanawasha na mpishi mwenye pumu tumemhamishia kwenye kukata mboga. Serikali imeziambia taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Sisi tumeanza na gesi kwa uji. Maharage bado tunayapikia kuni, kwa sababu mtungi mkubwa tuliupigia hesabu mara tatu na mara zote tatu ukatushinda.

"Kazi ya kujitolea, nani atakupima afya?"

Afisa afya wa kata atakupima, na asipokuja mfuate. Kipimo cha choo, kipimo cha kifua, kucha fupi. Kwa hili sina mjadala.

"Wapishi hujibakizia vinono"

Hili ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Kinachoingia na kinachotoka kimo kwenye daftari, na daftari limening'inizwa mlangoni. Aje yeyote asome. Wapishi tunapakua mwisho. Siku nyingi kilichobaki ni mchuzi wa chini na ukoko, na ukoko nao una wenyewe. Sufuria ikishaondolewa tu mafigani, watoto wanane tisa wameshaizunguka, kila mmoja na kijiko chake. Mkubwa wao ndiye anayegawa, na ukijaribu kumega kipande anakutazama kama umemwibia.