Roketi nafuu ya setilaiti ndogo ni nini?

Ni roketi iliyobuniwa kupeleka kwenye mzingo wa Dunia, yaani njia ya kuizunguka Dunia, mzigo mdogo, kuanzia kilo chache hadi mia kadhaa, pasipo kungoja nafasi ndani ya roketi kubwa.

Neno "nafuu" hapa lina mtego. Ukigawanya gharama kwa kila kilo, roketi ndogo ni ghali kuliko kubwa. Unafuu wake uko kwenye bei ya safari nzima, pamoja na uhuru wa kuchagua siku na mzingo. Februari 2017 roketi ya PSLV ya India ilibeba setilaiti 104 kwa mkupuo mmoja. Safari ya pamoja kama hiyo ni kama basi: abiria anashuka linaposimama, si anapotaka yeye.

Kwa nini kilo yake iwe ghali? Kwa sababu mambo mengi hayapungui pamoja na mzigo. Setilaiti iwe ya kilo tatu au tani tatu, katika mzingo wa chini inahitaji kasi ileile, karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Kompyuta za kuongozea, uwanja wa kurushia na walinzi wa anga na bahari navyo vina gharama zake vilevile.

Kwa hiyo mbunifu hupunguza ugumu wa kutengeneza. Mfano mzuri ni Electron, roketi ya kampuni ya Rocket Lab, inayorushwa kutoka Mahia, New Zealand: urefu mita 18, mzigo kama kilo 300. Katika injini nyingi, pampu za mafuta huzungushwa na gesi moto, mtambo mgumu kuutengeneza na kuujaribu. Electron inatumia mota za umeme na betri, na sehemu kuu za injini huchapishwa kwa printa ya 3D. Tatizo ni kwamba betri ni nzito, na haziwi nyepesi zikiisha chaji kama tangi linavyokuwa jepesi mafuta yakipungua. Suluhisho lao linanifurahisha: hatua ya pili ya roketi, yaani sehemu ya juu inayoendelea baada ya ile ya chini kuachwa, huzitupa betri zilizoisha ikiwa bado inapaa.

Hata hivyo, ubunifu pekee hautoshi. Kiwanda kinalipa mishahara hata mwaka usio na safari, hivyo bei hushuka tu roketi ikiruka mara kwa mara. Falcon 1, roketi ndogo ya kampuni ya SpaceX, ilifika kwenye mzingo Septemba 2008, jaribio la nne. Julai 2009 ikapeleka setilaiti ya Malaysia, kisha haikuruka tena. Kampuni ilihamia kwenye roketi kubwa.