Haibridi sio jenereta yenye paneli juu

Jamani tuelewane kidogo kuhusu hizi tela za umeme zinazokodishwa kwenye masaiti na maharusi, zile zenye paneli juu, betri ndani na jenereta ya dizeli nyuma. Kila moja inaitwa haibridi na mwenye nayo anakuchaji bei ya haibridi. Haibridi ni pale vyanzo vyote vinapokuwa chini ya kontrola moja inayoamua nani abebe mzigo na nani achaji. Basi, ni hivyo tu.

Mchana jua linabeba mzigo, ziada inaingia kwenye betri, usiku betri inapokea zamu kupitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe umeme wa kawaida wa nyumbani, kimya kabisa. Hapo hatugombani. Tunakogombana ni kwenye modi ya jenereta, maana watu wanaamini jenereta ipo ili iwashe taa usiku, kwa hiyo giza likiingia tu inapigwa stata na inanguruma mpaka asubuhi huku betri imejaa na haina kazi.

Kwenye haibridi kazi kubwa ya jenereta ni kuchaji betri. Piga hesabu: jenereta ya 10 kVA inatoa kama kilowati 8, wewe una taa, feni na friji, jumla wati 600, yani hata asilimia 10 ya uwezo wake haifiki. Dizeli ikikimbia na mzigo mdogo hivyo masaa mengi haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa na ekzosi inaanza kutema uchafu mweusi wa mafuta, halafu mnasema injini ni feki! Sasa kontrola inafanya hivi: betri ya kilowati-saa 10 ikishuka mpaka asilimia 20 inaiwasha jenereta yenyewe, inaipa mzigo wako pamoja na chaja ya kama kilowati 5, hapo injini inafanya kazi ya maana, na betri ikifika 80 inaizima. Ni saa moja na kitu ya kelele, halafu betri inakubeba masaa tisa hivi.

Mbona isijaze mpaka 100? Betri za asidi zikikaribia kujaa zinapokea umeme kidogo kidogo, jenereta inarudi kulekule kwenye mzigo mwepesi, na pia lazima uliachie jua nafasi kesho asubuhi, sasa paneli zitachaji nini kama dizeli imeshajaza kila kitu?

Zipo pia tela zinazounganisha inveta na jenereta zibebe mzigo kwa pamoja, mfano pampu inapoanza kuvuta umeme mwingi, ila sio zote.

Kwa hiyo ukipelekewa tela muulize fundi jenereta inawashwa na nani, na inazimwa betri ikiwa asilimia ngapi. Akikujibu "unaiwasha mwenyewe giza likiingia", hiyo ni jenereta yenye sola pembeni, sio mbaya hata kidogo, ila mwambie na bei iwe ya jenereta.