Glasi za "kristali" hazina fuwele

Glasi nzito zinazometameta, zile zinazouzwa kwa jina la kristali, huaminiwa na wengi kuwa zimetengenezwa kwa fuwele. Sivyo. Ni kioo, na atomi za kioo zimeshikana imara bila kujipanga kwa mpangilio unaojirudia, jambo ambalo fuwele haiwezi kulikosa.

Kipimo ni eksirei. Saga kipande kidogo kiwe unga laini, kisha ukimulike kwa eksirei zinazotokana na shaba, zenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.154. Unga wa kwatzi, fuwele halisi ya silika, hutoa vilele vyembamba kwenye grafu ya nguvu ya eksirei zinazorudi kwa kila pembe. Kirefu kuliko vyote hutokea nyuzi 26.6 kutoka mwelekeo wa mwali. Kioo hutoa nundu moja pana, basi. Ila usiharakishe kusaga: chembe zikibaki kubwa, ni chache tu zitakazoelekea upande unaofaa, na vilele vya kwatzi vitapotosha, vingine virefu kupita kiasi, vingine hafifu.

Mng'ao hutoka kwenye oksidi ya risasi, ambayo kwa kanuni za Umoja wa Ulaya haipaswi kupungua asilimia 24 ili kioo kiitwe kristali ya risasi. Atomi nzito za risasi hupinda mwanga zaidi na kuutawanya katika rangi zake. Risasi pia hukifanya kioo kiwe laini zaidi, hivyo huchongeka vizuri.

Fuwele zikiota kweli ndani yake, kwa kukaa mno kwenye joto lisilofaa, kwa mafundi ni hasara: kioo huingia ukungu.