Anaona kijiko, haoni bakuli: maswali kuhusu simultanagnosia

Baba amepimwa macho, yako sawa. Mbona akishika kijiko haoni bakuli lililo mbele yake?

Huenda shida iko kwenye ubongo. Macho yanapokea picha vizuri, lakini ubongo unamudu kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Hali hiyo huitwa simultanagnosia. Mara nyingi ubongo umeumia pande zote mbili, sehemu ya juu kuelekea kisogoni. Rezső Bálint, daktari wa Budapest, alimweleza mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1909.

Yaani anaona eneo dogo tu, kama anayechungulia tunduni?

La, na hapa wengi hukosea. Kinachombana ni idadi ya vitu, si ukubwa wake. Tembo mzima anaweza kumwona. Chora nyota ya ncha sita kwa kupandanisha pembetatu mbili. Zikiwa za rangi moja, huenda akasema "nyota". Moja ikiwa nyekundu na nyingine bluu, huenda akaona pembetatu moja tu, ingawa zote zimekaa mahali palepale. Ndiyo maana akikazia macho miwani yako, uso wako unaweza kumpotea. Jitajeni jina kabla ya kumgusa.

Husababishwa na nini?

Kiharusi cha pande zote mbili, pengine baada ya presha kushuka mno. Kwa wengine ni Alzheimer (ugonjwa unaodhoofisha ubongo) inayoanzia nyuma ya ubongo, nayo huja polepole. Hali hii ikianza ghafla, huenda ni kiharusi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Nyumbani tumsaidieje?

Punguzeni vitu. Toeni kitambaa cha meza chenye maua. Wekeni sahani moja, ya rangi iliyo tofauti kabisa na meza, si vibakuli vitano vya mboga. Chai ijae nusu kikombe, kisha mshikisheni mkononi, kwa sababu wengi wao hukosa shabaha wanaponyoosha mkono. Kwa kusoma, kateni kidirisha cha upana wa neno moja kwenye kadi nyeusi, akisogeze mstarini.

Anaweza kuvuka barabara peke yake?

Hapana. Akiikazia macho bodaboda, basi linaloifuata kwake halipo. Na gari asiendeshe kabisa.